Ng'ombe wawili ndani ya jina moja: uchambuzi wa kisa cha ritifaa, Tanga

Malalamiko yalianzia kwenye magunia ya pumba. Kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tanga, ambacho sitakitaja jina, huwakopesha wanachama wake chakula cha mifugo: gunia moja kwa kila ng'ombe anayekamuliwa, na deni hukatwa kwenye malipo ya maziwa mwisho wa mwezi. Orodha ya mgao hutolewa na mfumo wa kompyuta. Mwezi ule orodha ilipotoka, wafugaji wa Pongwe walipata magunia yao kamili. Wa Tongoni waliambiwa hawana hata moja. Kila mstari wa Tongoni ulisoma sifuri.

Mzee mmoja alikuwa ameshakodi guta kabisa. Akasimama mbele ya dada wa stoo, akamuuliza kwa upole tu: "Mwanangu, maziwa mliyonipimia asubuhi nimeyakamua kwenye mnazi?" Dada hakuwa na jibu. Kwao ni Pongwe, na hilo likatosha kuanzisha minong'ono. Jioni akanipigia simu. "Shikamoo kaka. Naomba kesho uje uuangalie huu mfumo, watu wameshaanza kuniita mwizi."

Ninaandika kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu mzizi wake ulikuwa alama moja, ile ritifaa ya ng', na kwa sababu kinagusa jambo ambalo sisi tunaoandika programu kwa Kiswahili tunalikwepa: majina ya ndani ya msimbo tuyaandikeje?

Nilipofika ofisini kwao Ngamiani, dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba data za Tongoni hazijaingia. Zilikuwa zimeingia. Majina yapo, namba za simu zipo, lita za asubuhi na jioni zipo. Faili la Excel lililotumwa kutoka kituo cha Tongoni nalo lilikuwa safi. Kwenye safu ya ng'ombe, yule mzee alikuwa na 4. Ndani ya mfumo alikuwa na 0. Kumbukumbu za seva hazikuonyesha hitilafu yoyote, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi, maana mfumo unaopiga kelele ni rahisi kuutibu kuliko unaonyamaza.

Nikafungua msimbo, nikaandika ng'ombe kwenye kisanduku cha kutafutia. Yakatoka maandishi ya skrini tu, yale anayoyaona mtumiaji. Kanuni ya mgao haikutokea. Lakini kanuni ile nilikuwa nimeifungua dakika mbili kabla, na neno nililiona kwa macho yangu: magunia = mfugaji.ngʼombe. Neno lipo mbele yangu na kompyuta inasema halipo. Nilijaribu tena nikidhani nimekosea herufi, majibu yakawa yaleyale.

Mfumo umeandikwa kwa Python, mojawapo ya lugha za programu. Nikauamuru unichapie kila sifa ya mzee yule, ukaniletea mstari huu:

{'kituo': 'Tongoni', 'ngʼombe': 0, 'ndama': 2, "ng'ombe": 4}

Utazame polepole, kwa sababu kisa chote kimo humo. Mzee ana ng'ombe mara mbili. Wa kwanza ni sifuri, wa pili ni wanne. Kilichonifumbua macho ni alama zinazolizunguka kila jina. Python ikichapa neno hulizungushia alama moja moja, isipokuwa neno lenyewe likiwa na ritifaa ya kibodi ndani yake. Hapo hubadili na kutumia alama mbili mbili. "ng'ombe" wa mwisho amezungushiwa mbili mbili. 'ngʼombe' wa mwanzo amezungushiwa moja moja, maana yake ritifaa aliyonayo si ile ya kibodi. Nikaiuliza kompyuta namba ya kila alama. Moja ni 39. Nyingine ni 700. Kwa macho zinafanana kama mapacha, na kwa fonti iliyokuwa kwenye skrini ile hata mimi niliyekwisha kujua sikuweza kuzitofautisha.

Nikampigia kijana aliyeuandika mfumo. Alikuja na pikipiki yake ndani ya nusu saa, na ninataka niseme wazi kwamba kazi yake ilikuwa nzuri kuliko nyingi ninazoziona. Majina yote ya ndani ni ya Kiswahili: maziwa_asubuhi, maziwa_jioni, ndama, deni_la_pumba. Alifanya hivyo makusudi, ili katibu wa kikundi aweze kusoma kanuni za malipo bila mkalimani. Na katibu alikuwa amezisoma kweli. Miezi michache nyuma yeye ndiye aliyegundua kwamba maziwa ya jioni yanazidishwa kwa bei ya asubuhi, akaweka kidole kwenye mstari wenyewe. Mtu ambaye hajawahi kuandika programu.

Kijana alipofika kwenye neno ng'ombe alikwama. Aliliandika kwa ritifaa ya kawaida, Python ikakataa, kwa sababu kwenye lugha hiyo alama ile hufungua maandishi. Kompyuta iliona ng, kisha ikaona maandishi yaliyofunguliwa na hayakufungwa. Akajaribu kunakili neno kutoka kwenye Word, ambayo yenyewe huigeuza ritifaa kuwa ile iliyopinda. Python ikakataa tena, safari hii ikimtajia alama yenyewe: U+2019. Akatafuta zaidi, akaipata ya tatu, U+02BC, ndiyo ile ya 700 niliyoikuta. Akaiweka, programu ikaenda.

"Kaka," akaniambia, "nikiandika ngombe bila ritifaa naona nimeandika kitu ambacho hakipo. Mimi ni wa Mtang'ata. Jina la kwetu lenyewe ukiliondolea ritifaa haliwi la kwetu tena."

Kiisimu, kijana yuko sahihi kabisa. Katika Kiswahili ritifaa ya ng' haiachi nafasi ya herufi iliyokatwa, wala haifungi maneno ya mtu. Ni sehemu ya herufi. Ng' ni sauti moja, na kuiondolea ritifaa ni kuibadili: ng'ata ni kuuma kwa meno, ngata ni ile kata ya majani au kitambaa inayowekwa kichwani chini ya mzigo. Unicode, ule mpango wa kimataifa unaoipa kila herufi duniani namba yake, unakubaliana naye. U+2019 imewekwa kwenye kundi la alama za uandishi pamoja na nukta na mkato. U+02BC imewekwa kwenye kundi la herufi, kwa ajili ya lugha ambazo ritifaa kwao ni herufi. Kijana hakubahatisha. Alichagua alama ambayo kwa maana yake ndiyo inayotufaa.

Na Python ilimruhusu kwa haki. Pendekezo la kuruhusu majina yasiyo ya herufi za Kiingereza liliandikwa na Martin von Löwis mwaka 2007, na Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008 mlango ukafunguliwa: Mchina aandike kwa Kichina, Mrusi kwa Kirusi, Mfaransa aweke alama zake juu ya e. Java, lugha nyingine ya programu, ilikuwa inaruhusu tangu siku zake za mwanzo. Rust ilichelewa hadi Juni 2021, toleo la 1.53. Kabla ya milango hiyo kufunguliwa mambo yalibanwa na ASCII, mpangilio wa herufi wa 1963 wenye nafasi 128 tu, uliotengenezwa Marekani kwa ajili ya Kiingereza. Ndani ya nafasi hizo 128 Kiswahili kimeenea chote. Hatuna herufi yenye nukta za juu, hatuna yenye mkia. Wenzetu wa Uganda wanaandika Kiganda na herufi ŋ, ambayo haimo humo. Sisi tuna ritifaa, ambayo imo, lakini lugha nyingi za programu zilikwisha kuipa kazi nyingine. Haskell ni ya tofauti: huko ritifaa ya kibodi inaruhusiwa katikati ya jina, ukiandika ng'ombe inakubali bila neno.

Basi ikiwa alama ilikuwa sahihi na lugha iliruhusu, ng'ombe wa Tongoni walipotelea wapi?

Hapa nilikaa na dada wa stoo, tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Wafugaji wa Pongwe waliandikishwa palepale ofisini, kwenye fomu ya mfumo, kwa hiyo hesabu yao iliingia moja kwa moja kwenye ngʼombe ya msimbo. Tongoni ni mbali na mtandao kule unasumbua, kwa hiyo waliamua kutumia faili. Mfumo ukatoa kiolezo cha CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na vichwa vya safu ukavichukua kwenye majina ya sifa vilevile yalivyo. Dada akakifungua kwa Excel kwenye kompyuta ya ofisi, inayotumia Windows. Kwenye UTF-8, utaratibu wa kuzihifadhi herufi za Unicode ndani ya faili, alama U+02BC huhifadhiwa kwa baiti mbili, CA na BC. Faili halikuwa na alama ya mwanzo ya kuitambulisha UTF-8, Excel ikalisoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows, na katika mpangilio huo CA ni Ê na BC ni ¼. Kichwa cha safu kikasomeka ngÊ¼ombe.

"Nikaona kompyuta imechapia," dada akasema, "nikalisahihisha."

Alifuta, akaandika ng'ombe kwa kibodi yake. Nani asingefanya hivyo? Ndilo neno lilivyo, na ndivyo alivyofundishwa shule ya msingi. Kiolezo kikaenda Tongoni, katibu wa kule akajaza kwa uaminifu, kikarudi. Na msimbo wa kupokea faili ulikuwa unachukua kila kichwa cha safu na kumbandikia mfugaji sifa ya jina hilo, kwa amri ya setattr. Amri hiyo haiulizi maswali. Hata jina ambalo huwezi kuliandika ndani ya msimbo wa Python, lenye ritifaa au lenye nafasi katikati, inalipokea. Ikaona "ng'ombe", ikamuundia mzee sifa mpya, ikaweka 4. Sifa ya zamani ikabaki na sifuri yake ya kuzaliwa, na kanuni ya mgao ikaendelea kuisoma hiyo ya zamani.

Kwa hiyo tuna alama moja isiyo kwenye kibodi ya mtu yeyote, kiolezo kilichoanika majina ya ndani hadharani, na mlango wa kupokelea usio na bawabu. Ukiondoa chochote kati ya hivyo vitatu, mzee anapata magunia yake. Nikilazimishwa kuchagua kimoja cha kukilaumu zaidi nitachagua mlango. Faili linalotoka kwa binadamu likija na safu ambayo mfumo hauijui, mfumo uikatae kwa sauti.

Lakini hilo haliiondolei ile ritifaa ya 700 kosa lake. Jina ndani ya msimbo haliishi kwa kusomwa tu. Litaandikwa tena na mtu mwingine, litatafutwa, litatajwa kwenye simu: "fungua pale palipoandikwa ng'ombe." Atakayekuja kuurekebisha mfumo huu mwaka kesho ataketi mbele ya kibodi yenye ritifaa moja, namba 39. Hataweza kuliandika jina hilo bila kulinakili, na akilitafuta atajibiwa halipo, kama nilivyojibiwa mimi. Mrusi anayeandika kigeu, yaani jina la ndani ya msimbo linaloshika thamani, kwa Kirusi ana kibodi ya Kirusi mezani. Hii alama yetu haina kibodi Tanga, na nadhani haina popote Tanzania.

Kijana akauliza kama Python haina njia ya kuzisawazisha alama zinazofanana. Inayo, ila haifiki hapa. Majina yaliyo ndani ya msimbo huyapitisha kwenye usawazishaji uitwao NFKC, ili é iliyoandikwa kama herufi moja na é iliyoundwa kwa e pamoja na alama yake zihesabiwe jina moja. JavaScript haifanyi hata hivyo. Ritifaa zetu tatu NFKC inaziacha kila moja kivyake, kwa sababu Unicode inaziona ni alama tatu za asili tofauti. Kufanana kwa sura hakuhesabiwi. Ni mwanya uleule ambao watafiti Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliuonyesha mwaka 2021, kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuweka а ya Kirusi mahali pa a ya kawaida na msomaji asijue. Kwetu hakukuwa na mwenye nia mbaya. Kulikuwa na dada mwenye bidii na kijana anayeheshimu lugha yake, na matokeo yakawa yaleyale.

Mwenyekiti wa kikundi, baada ya kusikia yote, alitoa amri ya haraka: majina yote yageuzwe ya Kiingereza, yaishe. Nilimwelewa. Alikuwa na wafugaji wenye hasira nje. Nilimwomba asubiri, na hapa sikuzungumza kwa adabu ya mgeni tu, nilizungumza kwa moyo. Nikamwambia: "Mwenyekiti, siku mtakapogeuza, katibu wako hatasoma tena kanuni ya malipo. Kosa la bei ya jioni lingekuwepo mpaka leo." Na Kiingereza kisingetuokoa na kosa lililokuwa chini ya kosa hili, ambalo tulikuwa hatujaliona.

Kosa lenyewe ni hili. Jina la kigeu lilisema ng'ombe, kanuni ya kikundi inasema ng'ombe anayekamuliwa. Tulipoanza kupanga jina jipya nikamuuliza dada, Pongwe watu walijaza nini kwenye fomu? Akanyamaza, akaanza kupiga simu. Baadhi walikuwa wamehesabu mitamba ambayo haijazaa, na mmoja alihesabu na fahali wake. Walisoma neno ng'ombe wakajibu kuhusu ng'ombe, hawakudanganya. Kumbe Pongwe walizidishiwa magunia wakati Tongoni wakinyimwa. Kiswahili kina mtamba, kina fahali, kina maksai, kina ndama, na sisi tulijaza zizi lote ndani ya neno moja, kisha tukahangaika usiku kucha na ritifaa yake.

Tukaliita wanaokamuliwa. Halina ritifaa, linaandikika kwa kibodi yoyote, na linasema hasa kinachohesabiwa. Mitamba ikapata kigeu chake. Kwa maneno ambayo ng' haikwepeki tuliafikiana tuandike bila ritifaa ndani ya msimbo, kama gharama_ya_kungoa_magugu, na pembeni yake iwekwe maelezo ya mstari mmoja yenye tahajia kamili: kung'oa. Kijana hakufurahi, nami sikumlazimisha afurahi. Nilimwonyesha kwamba hata waandishi wa Python wenyewe wamejiwekea sharti kwamba majina yote ya maktaba yake rasmi yawe ya ASCII, ingawa lugha inaruhusu zaidi, kwa sababu hiyohiyo ya kuandikika na kila mkono.

Upande wa mtumiaji ni kinyume chake. Huko ritifaa ni haki ya msomaji na haiguswi. Skrini inaandika Ng'ombe wanaokamuliwa, risiti vivyo hivyo, na jina la mtu lenye ng' linahifadhiwa lilivyo. Nimeshaona fomu zinazomlazimisha mtu aandike jina lake bila ritifaa, na kila mara huona ni dharau ndogo isiyo na sababu.

Marekebisho yenyewe yalichukua mchana mmoja. Vichwa vya kiolezo sasa vinatoka kwenye orodha maalumu ya maneno ya kuonyesha watu, mbali na majina ya vigeu, na faili linatoka na alama ya mwanzo ya UTF-8 ili Excel ilisome sawasawa. Faili linaporudi, ritifaa za aina zote, ya 39, iliyopinda kulia, iliyopinda kushoto, ya 700, hata ile ya mshazari ambayo wengine huibonyeza kwa makosa, zinageuzwa kuwa moja kabla ya kulinganishwa na orodha. Safu isiyotambulika inasimamisha kazi na kuandika jina lake kwenye skrini. Setattr tuliiondoa, na darasa la Mfugaji, yaani ule muundo wa sifa za kila mfugaji ndani ya msimbo, likafungwa kwa __slots__, ili sifa isiyotangazwa isiweze kubandikwa kabisa.

Siku mbili baadaye katibu wa Tongoni alituma orodha upya. Hakutumia kompyuta safari hii; aliiandaa kwenye iPhone, na simu ikaipinda ritifaa ya kwenye kichwa cha safu bila kumuuliza. Tulisimama nyuma ya kiti cha dada, kijana na mimi, tukitazama. Faili likapita. Mstari wa mzee ukasoma 4.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, na guta lilelile. Dada akamsogezea kiti, akageuza skrini imwelekee. "Shikamoo mzee. Njoo usome mwenyewe." Mzee akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole: jina lake, Tongoni, Ng'ombe wanaokamuliwa, 4. Akauliza kama yule mtamba wa kahawia amehesabiwa. Dada akamwonyesha safu ya pembeni. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akatoka nje kuhesabu magunia yakipakiwa.